Siku Mbili za Makumbusho Arusha, Pamoja na Fundi Seremala

Baba yangu alikuwa fundi seremala mjini Moshi kwa zaidi ya miaka arobaini, na tangu magoti yalipomkataza kusimama mezani na randa amekuwa mtu wa barazani, yeye na redio yake. Mwezi wa sita uliopita, shule zilipofunga, nilimwomba afuatane nami na binti yangu wa darasa la nne, twende Arusha kwa siku mbili tukaone makumbusho na sanaa. Alinijibu kwamba Arusha anaijua tangu zamani na kwamba makumbusho ni mahali pa wanafunzi na wageni wa nje. Hata hivyo, asubuhi ya safari nilimkuta amekwisha vaa koti lake la kanisani, na katika mfuko wa koti hilo ametia tepu ya kupimia, kama mtu aendaye kukagua kazi aliyopewa mwingine.

Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, safari ambayo Coaster huimaliza kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti, isipokuwa pale inaposimama kila kituo kuanzia Boma Ng'ombe hadi Tengeru. Tulifika kwenye ubaridi wa Juni, mlima Meru haukuonekana hata kidogo, tukaacha mizigo gesti na kuanzia Kaloleni.

Makumbusho ya Azimio la Arusha yapo karibu na kipilefti chenye Mnara wa Mwenge, katika jengo la kawaida sana, ambalo mtu asiyeambiwa anaweza kudhani ni ofisi ya kata. Ndani ya ukumbi huo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio, ambalo Mwalimu Nyerere alilitangaza rasmi Jumapili ya tarehe 5 Februari. Jengo lilifanywa makumbusho mwaka 1977, mwaka uleule ambao TANU na ASP ziliungana kuzaa CCM. Mengi yaliyomo ni picha: za enzi ya ukoloni, za harakati za kudai uhuru, za viongozi na mikutano yao.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza binti yangu maana ya Azimio, nikawa nimeanza kabisa, na sauti yangu ya ualimu imepanda, nilipoona kwamba babu yake hatusikilizi. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi akitazama juu, kisha ukutani, kisha juu tena. "Mama," aliniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "watu wote wale walienea humu?" Mwaka 1967 alikuwa na umri wa miaka 14. Anakumbuka redio ya jirani ikiwa imewekwa dirishani ili watu wa nje wasikie, na anakumbuka kwamba siku iliyofuata, habari ya mabenki kutaifishwa ilipotoka, mzee mmoja alitaka kujua kama fedha zake sasa atazidai kwa Nyerere mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa amelijenga jengo la Azimio kichwani mwake kama jumba kubwa lenye nguzo. Kuliona lilivyo kulimnyamazisha kwa muda, na nadhani kulimfurahisha pia, kwa kuwa alipotoka nje alilizunguka lote na kuniambia kwamba kazi kubwa haihitaji paa kubwa, ila inahitaji paa lisilovuja.

Kutoka hapo tulichukua bajaji hadi Makumbusho ya Elimu Viumbe, ambayo watu wa Arusha wengi huyaita Boma tu. Ni ngome ya Wajerumani iliyokamilika mwaka 1900, na waliobeba mawe yake ni Wameru na Waarusha waliolazimishwa kufanya kazi baada ya kupigwa vitani. Ikawa makumbusho mwaka 1987. Ushauri wangu kwa Watanzania wenzangu ni kwamba mchukue vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni. Ushauri wa pili ni kwamba msiyapite majengo yenyewe mkikimbilia vilivyomo. Mimi hukosea hapo kila mara. Baba alikaa kwenye kuta za ngome ile muda mrefu kuliko tuliokaa kwenye wadudu waliokaushwa na picha za wanyama kwa pamoja. Alipima unene wa ukuta pale penye dirisha, akapitisha kidole kwenye maungio ya mawe, akasema kwamba ukuta wa namna hii unaeleza ni nani alimwogopa nani.

Sehemu iliyotushika zaidi ni ile inayohusu chimbuko la binadamu. Nyayo za Laetoli ziligunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, kusini mwa Bonde la Olduvai, ambako Mary huyohuyo aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amebaki kambini akiumwa. Nyayo zina umri wa takribani miaka milioni 3.66. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikanyesha juu yake, viumbe wanaotembea kwa miguu miwili wakapita, majivu yale yakagandamana kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Kinachoonyeshwa Arusha ni nakala, kwa kuwa nyayo zenyewe zimefukiwa tena huko Laetoli ili zisiharibiwe na mvua na mizizi, nalo fuvu halisi limehifadhiwa Dar es Salaam.

Binti yangu aliposikia neno nakala alinuna. "Kwa hiyo hizi ni feki, babu?"

Hapo ndipo safari ilipobadilika kwangu. Zamani, kazi ya milango ilipokuwa haba, baba alitengeneza kalibu za mbao za kufyatulia matofali. Alichuchumaa kwa shida, akamweleza mjukuu wake kwamba kalibu haijui kusema uongo: ubao wake ukiwa na kidonda, kila tofali litakalotoka humo litakuwa na kovu mahali palepale, na fundi mwenye macho anaweza kuokota tofali barabarani akajua limetoka kwenye kalibu ya nani. Waliomimina kalibu juu ya nyayo zile walichukua kila ufa na kila shimo, hata yale wasiyoyajua maana yake. "Wewe usiulize kama ni feki," alimwambia, "uliza kalibu ilishikwa na nani." Kisha akatoa tepu akampima mtoto unyayo, akawa anausogeza kwa macho kwenye nyayo zile, na mlinzi aliyekuwa akitutazama kwa wasiwasi alipoona hakuna anayegusa kitu, akasogea naye kusikiliza.

Nimesoma vyuo, na nimefundishwa kusimama mbele ya kazi ya sanaa au kifaa cha kale na kuuliza kinamaanisha nini. Swali hilo hunichosha haraka, nakiri, kwa kuwa jibu lake huwa limeandikwa kwenye kibao kando, nami hujikuta nasoma vibao na kuviacha vitu. Baba hakusoma kibao hata kimoja kabla ya kukitazama kitu kwanza. Swali lake lilikuwa moja: kimetengenezwaje?

Siku ya pili tulikwenda kwenye jumba kubwa la sanaa lililo kando ya Barabara ya Dodoma, Cultural Heritage, lile ambalo muundo wake umechukua sura ya ngoma, ngao na mkuki. Ndani, badala ya ngazi, kuna njia ya mteremko inayozunguka kutoka sakafu hadi sakafu, jambo ambalo mwenye magoti mabovu atalishukuru. Kuna sanaa ya nchi nyingi za Afrika humo, nyingi mno kwa siku moja, na tuliamua kwamba vinyago vya Kimakonde vinatutosha.

Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na ustadi wao wa kuchonga walikuja nao. Kuna mitindo miwili ambayo hata asiye mtaalamu huitofautisha. Upo wa shetani, wenye viumbe vya kutisha na kuchekesha kwa wakati mmoja, ambao asili yake kwa kawaida hutajwa kuwa ni Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950. Na upo ule wa ujamaa, ambapo watu wamepandana mabegani, kizazi juu ya kizazi, kutoka gogo moja. Tulisimama mbele ya nguzo moja ya ujamaa hadi mtoto akakaa chini. Baba alianza kuhesabu, na alichohesabu hakikuwa watu, bali mahali ambapo patasi ilipenya kutoka upande huu hadi upande wa pili. Mpingo, alieleza, ni mti wa mateso. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, hula makali ya msumeno, na gogo lake huwa na nyufa na mashimo ya ndani ambayo huyajui mpaka umefika. Mchongaji huanza na tezo, huingia na patasi, humalizia na tupa na msasa, na katikati ya kazi hiyo yote gogo linaweza kumwonyesha ufa pale alipokusudia kuweka uso wa mtu. Hapo hana namna ya kuongeza. Seremala akikosea hubandika kipande. Mchongaji akikosea, mtu aliyekuwa ashike mtoto anabaki ameshika mtungi. Sikuwahi kufikiri kwamba mkao wa mtu katika kinyago unaweza kuwa umeamuliwa na ufa wa mti.

Michoro ya Tingatinga tuliipitia kwa haraka, ingawa hata hapo baba alinifunza. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Nilijua hayo. Nisichojua ni kwa nini chui wake wanang'aa vile. Baba alinieleza kwamba rangi ya mafuta haina haraka: ukiweka doa jeusi kabla rangi ya chini haijakauka, linatambaa, na kwa hiyo kila doa lenye ukingo safi ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyesubiri.

Alasiri hiyo tulipita kwenye maduka ya vinyago mjini, na katika duka moja baba alitaka kutuaibisha. Alichukua kinyago cheusi tii, akakipima mkononi, akakinusa, akakigeuza chini juu, kisha akakisugua kwa kidole kilichotiwa mate. Kidole kikawa cheusi. Ilikuwa mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu, na muuzaji alikuwa ameniapia sasa hivi kwamba ni mpingo. Baba hakugomba. Alimwonyesha tu kidole chake, akasema, "Kijana, mpingo hauachi rangi," naye muuzaji akacheka, akaingia ndani akarudi na kingine kidogo kilichofungwa gazetini. Hiki kilikuwa cha watu watatu waliopandana, kizito kama jiwe, na upande mmoja kilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya manjano hafifu unaopanda kutoka kisigino cha mtu wa chini hadi shavu la mtu wa juu. Muuzaji alisema anakiuza kwa bei pungufu kwa sababu wageni huona kina doa.

Mstari ule ni ule mti mweupe wa nje, ulio kati ya gome na moyo mweusi wa mpingo. Wachongaji wengi huuondoa wote. Huyu aliuacha makusudi, baba anasisitiza hivyo, kwa kuwa ameufuatisha ukingo wa shavu kwa ustadi ambao bahati peke yake haiwezi kuufanya. Nilikuwa na hoja yangu kwamba huenda gogo lilikuwa jembamba tu na mchongaji hakuwa na pa kukwepea, na tulibishana jambo hilo tangu Arusha hadi Usa River, abiria wa viti vya mbele wakigeuka kututazama, na mtoto amelala katikati yetu na kinyago mapajani.

Sasa kipo sebuleni kwangu, kando ya runinga. Kila Jumapili baba akija kula mtori hukichukua kabla hajaketi, hukigeuza chini juu, hukipeleka dirishani kwenye mwanga, na bado hajakubali kwamba gogo lilikuwa jembamba.