Nimerudi Marangu, Nikakuta Picha Yangu Imewashiwa Mishumaa

Niliondoka nchi hii mwaka aliofariki Kanumba, mabasi ya Moshi yakiwa bado yanatokea Ubungo alfajiri na wapiga debe wakilivuta begi upande huu na wewe ukilivuta upande ule. Sasa stendi iko Mbezi Luis, imepewa jina la Magufuli, ilifunguliwa 2021, ni kubwa mpaka unapotea ndani. Sina ugomvi nayo. Mabasi ya usiku nayo yamerudi tangu 2023, kwa hiyo habari ya kukesha macho ili uwahi basi la alfajiri imepungua. Mnaopanga kuja kuhesabiwa Desemba, kateni tiketi mapema, tena mtumeni ndugu akakate. Ukifika dirishani na lafudhi ya kubeba maboksi, nauli inakusikia. Na kwenye begi msijaze chokoleti, watoto wa siku hizi wanazisukuma pembeni na kuuliza chaja.

Haya, ushauri wa safari umeisha. Nina jambo langu.

Kilichonishtua kwanza ni televisheni ya basi. Zamani nauli ya Moshi ilikuwa na sinema ndani yake: Wachina wanarukiana kwenye mapaa, au mwanajeshi wa Kimarekani yuko peke yake msituni, na juu ya yote sauti ya Lufufu akitafsiri na kuongeza chumvi yake, adui anaongea kama mtu wa Manzese. Marehemu baba alikuwa mtu wa Lufufu. Akipanda basi aliuliza kwanza kama video inafanya kazi, ndipo atafute siti. Tukifika Korogwe abiria wanashuka kula na kunyoosha miguu, yeye habanduki, ananituma mimi chipsi na soda, maana akishuka atapitwa. Nikiogopa kwamba yule jamaa aliyezingirwa sasa atauawa, alinipiga bega. "Steringi hafi. Akifa, mwambie konda akurudishie nauli."

Safari hii televisheni ilipiga singeli toka Kibaha mpaka Segera, vijana wale wale wakicheza mbele ya gari lile lile, kisha konda akaizima. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alikuwa na simu yake na sinema yake masikioni. Kijana wa chuo niliyekaa naye aliangalia tamthilia ya Kikorea kuanzia kwenye mashamba ya mkonge mpaka Same, Usambara na Upare ikampita mkono wa kulia bila kuinuliwa jicho. Kitu pekee tulichosikiliza pamoja ni kile kifaa kinacholia dereva akizidisha mwendo. Nilimkaribisha chungwa nililonunua Segera, akatoa spika moja ya sikio, akasema asante shikamoo, akairudisha.

Himo alinipokea mtoto wa baba mdogo, na gari lake mwenyewe, IST nyeupe. Nilitaka kumkumbatia nikashindwa, kwa sababu kifuani alikuwa amevaa uso wa baba. Fulana ya msiba. Imefuliwa sana: kidevu kimeshaondoka, mdomo unafifia, yamebaki macho na nusu ya "Pumzika kwa Amani". Akapanga mizigo yangu kwenye buti, akafunga, akachomoa chini ya siti fulana nyingine kama ile ile, iliyokunjwa mara nne, akafutia kioo cha mbele. Sikusema kitu. Tukapanda mlima kuelekea Marangu Mtoni, ananionyesha maghorofa mapya ya watu.

Nilipoondoka, msiba ulikuwa turubai, mabenchi ya kuazima usharikani, akina mama wakimenya ndizi, na mtu mmoja wa ukoo mwenye kamera. Siku hizi msiba una kamati, una sare ya kitenge kwa wanawake na fulana kwa vijana, una mshereheshaji anayewaambia watu lini wasimame, wapishi wa kukodi waliovaa kofia ndefu, na una kifurushi cha video, chenye droni au kisicho na droni. Baba alipata chenye droni. Najua, kwa sababu nilikilipia. Nilikuwa Leeds, Uingereza, makaratasi yangu yakiwa ofisini kwa watu, nikitoka nje ya nchi ile hakuna kurudi, basi nikatuma pesa. Nilipopiga kuuliza wameipangia nini waliniambia tulia, imeenda pazuri. Nilidhani ni ng'ombe.

Usiku wa kwanza, sahani ya machalari ikiwa bado mapajani, kaka yangu akachomeka flashi nyuma ya televisheni. "Tulikutunzia," akasema. Watoto wote wakaja mbio wakakaa chini, kila mmoja mahali pake, na hapo ndipo nilipojua kwamba hawaioni kwa mara ya kwanza.

Inaanza na migomba kwa juu, droni inateleza juu ya kihamba chetu mpaka unaona bati la nyumba, kumbe lina kutu upande wa jikoni. Kinanda. Halafu jina la baba kwa herufi za dhahabu zinazozunguka, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na njiwa wawili wanaokatiza. Steringi amekufa hata dakika moja haijaisha.

Kisha safari. Walimtoa Dar, alikokuwa anatibiwa, wakamleta kwa msafara, na mpiga picha alikuwa kwenye gari la nyuma. Ni njia ile ile niliyoipita mchana wake. Chalinze, Segera, mkonge, mkonge, mkonge. Korogwe wamesimama. Ndugu zangu wote wanashuka, wanakula kuku, shangazi anaiona kamera anarekebisha kilemba, kaka anacheka na mtu nje ya picha. Nami nikacheka. Gari lenye jeneza limeegeshwa pembeni, milango imefungwa: baba hakushuka Korogwe, kama kawaida yake. Nikacheka mpaka mama akanigeukia, na nilipojaribu kuacha ikawa kazi.

Mtoto wa kaka yangu, wa chekechea, ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Anaijua yote. Kila kipande kabla hakijafika ameshakitangaza, kwa sauti nzito ya kujilazimisha: sasa mchungaji anakohoa, sasa mvua, sasa yule babu anateleza. Watoto wenzake wanacheka pale pale wanapopaswa kucheka. "Angalieni, angalieni, sasa bibi anaanguka." Na kwenye televisheni mama yangu akaanguka kando ya kaburi, kwa mwendo wa taratibu, wanawake wawili wakamdaka kwapani, kiatu kimoja kikabaki kwenye udongo. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, anachambua maharage ya kesho. Hakuinua kichwa. "Rudisha," mtoto mmoja akasema, na kaka akarudisha.

Ukaja wasifu wa marehemu. Ameacha mjane, watoto, wajukuu. Kila mtoto akitajwa kamera inamtafuta pale alipokaa. Nilipotajwa mimi, "ambaye yuko ughaibuni," kamera haikuwa na pa kwenda. Fundi akaweka picha yangu. Ile ya zamani ya pasipoti, ameikata duara, ameizungushia maua na kuiwashia mishumaa miwili inayotikisika, fremu ile ile aliyomwekea baba mwanzoni. Nahisi alikuwa nayo moja tu kwenye kompyuta.

Yule mtafsiri akaitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Shangazi, kumbe wewe hukufa?"

Si kwamba alikuwa anatania. Amekua akiniona kwenye mishumaa, anasikia jina langu likitajwa kwa sauti ya chini, na zile simu za Jumapili alizokuwa akisukumiwa aseme "shikamoo shangazi" alidhani ni shangazi mwingine. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisema zima hiyo kitu. Nikasema maneno mengine pia, kuhusu pesa yangu, kuhusu droni, kuhusu watu wanaomfutia baba yao vumbi la gari. Nikauliza kama kuna mtu hata mmoja aliyelia bila kujua kamera iko wapi.

Kaka akachomoa flashi, akaifunika kifuniko chake taratibu. Akasema, "Dada, sisi wote tulikuwepo. Hatukuwa na haja ya video. Ilipigwa kwa ajili yako."

Mpaka leo natafuta jibu la hilo. Nimelitafuta kwenye kihamba, nimelitafuta kanisani Krismasi kati ya magari yenye namba za Dar yaliyojaa mpaka barabarani, nimelitafuta kwenye mbege kwa jirani ambako kila aliyenisalimia aliniuliza kama nimeiona video na kama nimemwona yeye humo, yuko upande wa kushoto, ana koti la kijivu. Wanaiona nzuri. Mzee mmoja aliyechimba kaburi aliniambia baba yako amepelekwa kama waziri, na alisema kwa wivu wa wazi kabisa. Nani nimwambie nini?

Kwa hiyo walio nje, ninyi ambao makaratasi yenu bado yako ofisini, huu ndio ushauri wenyewe. Mkituma pesa ya msiba, andikeni mnataka inunue nini. Tumeni pia picha nzuri, ya karibuni, mkiwa mnacheka, maana fundi atatumia atakayoikuta. Na mkifika, usiku wa kwanza semeni tumbo linauma.

Jana nimeshuka Himo na ile flashi, nikamtafuta fundi. Ni kijana mpole, ofisi yake ni chumba kimoja chenye kapeti la kijani ukutani, na kwenye kioo cha kompyuta alikuwa na harusi ya mtu imesimama katikati ya busu. Nikamwambia nataka picha yangu itoke kwenye mishumaa. Akaisogeza mbele, akaipata mara moja, akatikisa kichwa. Kuitoa anaweza, ila patabaki shimo la sekunde nane na wasifu unaendelea kusomwa. Akafikiri, akiniangalia toka kichwani hadi miguuni kama mshonaji.

"Dada, mbona rahisi. Nenda kavae nyeusi urudi nikupige hapa kwenye kijani. Nakuweka kaburini, pale pembeni ya mama. Hakuna atakayejua."

Akanionyesha alichomfanyia mtu wa Rombo aliyekuwa Muscat. Kweli huwezi kujua, hata kivuli kipo.

Nimemuuliza bei.