Nilivyopanga upya malipo ya wauzaji wetu wa mialoni

Kampuni ndogo ninayosimamia mauzo yake jijini Mwanza huuza taa za sola, betri na kamba kwa wavuvi wa dagaa, na wauzaji wetu huzunguka mialo (vituo vya ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki) ya Ukerewe, Sengerema na Magu, wakilala hukohuko kambini. Mkataba niliokuta uliwapa mshahara mdogo pamoja na kamisheni, ambayo ililipwa tu kwa wiki ambayo muuzaji amefikisha lengo, na lengo lilikuwa lilelile wiki zote. Anayeijua biashara ya dagaa ataliona tatizo mara moja. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapoangaza ziwa taa hupoteza nguvu, mitumbwi mingi hupumzishwa ufukweni, na mvuvi asiyeingia majini hana fedha ya betri. Muuzaji wetu wa Ukerewe alinieleza hivi: "Bosi, mwezi ukiwa mpevu hata nikishinda mwaloni siuzi kitu, giza likirudi, hata nikiwa naumwa wanakuja kunigongea."

Bengt Holmström, mchumi mzaliwa wa Ufini aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2016 pamoja na Oliver Hart, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1979 kwamba malipo yanapaswa kutumia kila kipimo kinachosaidia kutambua bidii ya mfanyakazi, jambo ambalo pia linamaanisha kumwondolea bahati isiyo yake pale inapoweza kupimwa. Mwezi unapimika vizuri: mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi, na tarehe zake hujulikana mapema. Basi nilifuta lengo la wiki, nikaweka kipindi cha hesabu kinachoanzia mwezi mpevu mmoja hadi mwingine, ili kila kipindi kiwe na giza lake lote. Mhasibu alinung'unika, na alikuwa na haki. Mshahara wenyewe uliendelea kulipwa kwa kalenda ya kawaida, kwa kuwa mwenye nyumba hangoji giza.

Mvua haina kalenda ya namna hiyo. Dagaa huanikwa juani, wengi mchangani, na mvua ya mfululizo wakati wa masika huwaharibu hata kama wamevuliwa tele. Hatari hiyo kampuni yenye mialo mingi inaweza kuibeba kuliko mtu mmoja mwenye familia, kwa hiyo niliongeza mshahara wa msingi na kupunguza kamisheni hadi asilimia 4, ila sasa inahesabiwa kuanzia shilingi ya kwanza bila kizingiti. Kizingiti kilikuwa kinamfanya aliyeona hatafika aache kujituma, na aliyekwisha fika afiche oda kwa ajili ya wiki ijayo. Juu ya kamisheni hiyo niliweka nyongeza kwa anayezidi wastani wa wenzake katika kipindi hichohicho, hata kama wote wameuza kidogo. Kumzawadia mshindi mmoja tu nilikukataa, maana wauzaji wanaogombea nafasi moja huanza kuibiana wateja.

Kipengele kilichonichukulia muda mrefu zaidi ni cha mali ya mkopo. Mvuvi huchukua betri leo na kuahidi kulipa giza likianza. Muuzaji anayelipwa kwa mzigo uliotoka stoo atamkopesha hata anayejulikana mwalo mzima kuwa halipi. Sasa kamisheni hutoka fedha ikishaingia. Deni lililokwama humkosesha muuzaji kamisheni yake, lakini haligusi mshahara, na kwa vyovyote Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachii mwajiri uhuru wa kukata mshahara apendavyo.

Uongozi ulitaka asilimia ishushwe pindi mauzo yatakapopanda. Niliomba iandikwe kwamba viwango havitaguswa kwa mwaka mzima, kwa sababu muuzaji anayejua kwamba kuuza sana leo kutamletea masharti magumu kesho atajizuia, na hakuna msimamizi atakayemgundua. Walikubali baada ya mabishano.

Muuzaji wetu wa mjini, anayepeleka taa za majumbani katika maduka ya Igoma na Nyegezi, amebaki kwenye hesabu ya mwezi wa kalenda, kwani mbalamwezi haimpunguzii wateja.