Kukagua Karavani Iliyotumika

Gari ukilikagua unauliza limetembea kilomita ngapi. Karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, haina injini, haina mita; cha kuuliza ni maji yamepita wapi.

Leo mimi na mwenzangu tumekwenda kijiji kimoja nje ya Leicester kuitazama moja ya mwaka 2008, yenye vitanda vinne. Kwa nje inapendeza. Lakini karavani nyingi za Uingereza za miaka ile zina fremu ya mbao, juu bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi. Maungio huzibwa kwa gundi laini ambayo hukauka miaka inavyokwenda. Ikipasuka kidogo tu, mvua inapenya, na mbao zinaoza taratibu huku bati likiendelea kung'aa.

Mwenzangu alifungua sanduku la chini ya kiti cha mbele, akainama.

"Baba watoto, hebu njoo unuse hapa."

Uvundo. Hafifu, lakini ulikuwapo.

Nikamwomba mwenyewe ruhusa ya kutumia kipima unyevu, kwa sababu pini zake huacha vitundu, na nikapima sehemu zisizoonekana: ndani ya makabati ya juu, pembeni mwa madirisha, nyuma ya mito. Chini ya asilimia 15 moyo hutulia. Kati ya 15 na 20, fuatilia. Ukivuka 25, mbao huenda zimeshaanza kuharibika. Kuta za ubavuni zilisoma 11 hadi 13. Kona ya mbele kushoto ilisoma 28, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba ikaingia ndani kidogo.

Sakafu niliikanyaga polepole kuanzia mlangoni hadi mbele ya jiko, maana hapo ndipo watu husimama zaidi na gundi ya tabaka zake huachia mapema. Ilikuwa ngumu, haikulia. Hata ingebonyea nisingeogopa sana, kwani fundi hutoboa vitundu na kusindilia gundi mpya. Ukuta uliolowa ndio unaokula pesa.

Tairi zilikuwa na meno mazima, ila ubavuni zimeandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umeegeshwa. Ushauri wa hapa ni kuzibadili zikifika miaka 5, zisivuke 7. Hizo ni za kutupa, bei yoyote tutakayokubaliana.

Karavani hapa haina kadi ya umiliki ya serikali kama gari. Kuna rejesta ya karavani iitwayo CRiS, na nyingi zilizotengenezwa tangu 1992 zina namba ya herufi na tarakimu 17 kwenye chesi na kwenye madirisha. Nililinganisha dirisha moja moja. Zote sawa.

Mwenyewe ni mzee mpole, alikuwa akienda nayo Wales na marehemu mkewe. Nilipomwonyesha ile 28 alikaa kimya, akaigusa kona kwa mkono wake. Naamini hakujua. Nilisikia uchungu, lakini hii ni nyumba watakayolala wanangu, siwezi kununua kwa huruma.

Nimemwomba fundi aifungue kona ile tuone fremu, gharama juu yangu, naye amekubali. Mbao zikiwa nzima, tutazungumza bei. Zikiwa zimeoza, tutaendelea kutafuta, na watoto wataisubiri safari ya Wales hadi mwakani.