Kumbe ni chai ya maziwa

Miaka yote tumbo likijaa gesi nilikuwa nalaani maharage ya watu bure. Mwezi uliopita nikaanza kuandika kila ninachokula kwenye kidaftari. Wiki mbili nikaacha maziwa kabisa, chai ikawa ya rangi (shangazi yangu wa Mbarara akauliza kama nimerogwa). Tumbo likatulia, posho (ugali) na maharage vikipita salama! Siku ya 15 nikanywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Saa moja baadaye, ngurumo.

Ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri. Ajabu, bongo (maziwa ya mgando) nakunywa bila shida: bakteria wanaoyagandisha maziwa huwa wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Rolex yangu (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya Wandegeya, Kampala, iko palepale.