Bibi amepumzika

Jumapili usiku

Leo siku ya nne tangu niwaandikie ndugu zangu maneno mawili, na moyo wangu bado haujatulia.

Bibi alitoka upasuaji mchana, nyonga imeungwa kwa vyuma. Jioni maumivu yalimzidi, akachomwa sindano, na ilipofika saa nne usingizi ukamchukua. Nilifurahi mno. Nikaandika kwenye grupu la familia: "Bibi amepumzika." Nikachomeka simu kwenye chaji bila sauti, nikajilaza kwenye mkeka kando ya kitanda chake.

Alfajiri nikakuta nimepigiwa mara 31. Mjomba yuko Maskati, kwao usiku ule ilishapiga saa tano; yeye ndiye wa kwanza kuandika "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un". Baada yake hakuna aliyeuliza, kila mmoja alifuatisha rambirambi ya mwenzake. Mama mdogo alishafika stendi, kanga mbili begani. Binamu alianza kukusanya pesa ya sanda.

Ningewapigia nikatamka hayo hayo, wangeisikia furaha yangu. Lakini lugha yetu inakisitiri kifo. Tunasema amepumzika, ametutoka, ametangulia, ameondoka, maneno ya kila siku yaliyobebeshwa msiba kwa adabu. Mgonjwa akiwa hospitali, tena usiku, msomaji hushika ile maana anayoiogopa.

Kuna na hili la maswali, ambayo kwetu mara nyingi hukaa kwenye sauti tu. Juzi dada aliniandikia "Amekunywa dawa", bila alama yoyote. Tunapokezana zamu, nikadhani ananipa taarifa, kumbe anauliza. Bibi akakaa bila vidonge vya saa mbili mpaka nesi alipopita. "Je" moja ingetosha.

Sasa naandika kirefu: "Bibi amelala usingizi, anapumua vizuri, ameomba uji asubuhi." Habari nzito napiga simu kwanza, hata kama salio ni la kuokoteza.

Mjomba hakunigombeza. Nilipompigia alfajiri ile alikuwa analia, hawezi kumaliza sentensi. Nikamwomba radhi, akanikatiza: "Mwekee simu sikioni, mwanangu, nimsikie." Nikamshikia bibi simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekauka kwa dawa.

"Umekula, baba?" akamuuliza.