Kwa mwendo wa watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimeandaa tafakari ya Hesabu 33, ile sura ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu ni majina ya vituo tu: wakasafiri kutoka huku, wakapiga kambi kule. Niliona inafaa, maana sisi wenyewe tulikuwa barabarani, familia nzima kwenye gari moja, siku sita, vituo vitano. Daftari lilishajaa pointi. Siku ya pili ya safari Bwana akanifunga mdomo, na kilichobaki cha kuandika ni aibu yangu.

Mimi ni mtu wa ratiba, wanaonifahamu wanajua. Niliichapa kwenye karatasi moja nikaibandika kwenye dashibodi kwa selotepu. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Kituo cha kwanza saa nne, dakika arobaini, basi. Kijana wetu ana miaka 17, binti ana 14, na katika kupanga yote hayo hakuna aliyeulizwa kitu. Walipewa taarifa, kama abiria.

Siku hiyo ya pili binti akauliza, "Baba, tutasimama saa ngapi?" Nikamwonyesha karatasi kwa kidole. Baada ya muda akauliza tena. Nikamwambia sisi tulipokuwa na umri wake tulisafiri kutwa nzima bila kufungua mdomo. Tukapita kituo cha mafuta. Tukapita cha pili. Mara ya tatu hakuuliza, nilimwona tu kwenye kioo amegeukia dirishani, ameuma mdomo wa chini. Hapo nikaanza kuhubiri: simu zimewaharibu, hamna uvumilivu, hata Israeli walianza hivi hivi kwa manung'uniko na mwisho wake mnaujua. Naam, wapendwa, Neno la Mungu nililitumia kama fimbo, nikiwa na mikono yote miwili kwenye usukani.

Mama yao akaniwekea mkono begani. "Baba watoto, simama." Hakuongeza neno.

Nilisimama kituo kilichofuata. Wakashuka mama na binti, wakaenda chooni, wakakawia sana. Kijana akashuka bila kuambiwa, akafungua buti, akatoa begi la dada yake, akalipeleka hadi mlangoni na kumpa mama, akarudi akiangalia chini. Binti aliporudi alikuwa amebadili suruali na amefunga sweta kiunoni, na jua lilikuwa kali vile. Ndani ya lile gari kila mtu alikuwa ameshaelewa isipokuwa dereva.

Hakuna aliyenilaumu. Binti aliingia, akafunga mkanda, akasema, "Tunaweza kwenda, Baba." Heri angelia.

Usiku huo sikuweza kusoma Hesabu. Nilifungua Mwanzo 33 nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na Yakobo na Esau. Mnaijua habari. Ndugu wawili wamepatana, wamelia shingoni, na Esau anasema twende, mimi nitatangulia. Yakobo anakataa kwa upole. Anamwambia, bwana wangu unaona watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha, nikiwakimbiza siku moja tu kundi lote litakufa. Wewe tangulia. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yangu na mwendo wa watoto.

Mwendo wa watoto! Nimeisoma sura hiyo miaka mingapi na sikuwahi kusimama hapo. Nikajipa moyo kidogo kwamba wale walikuwa watoto wadogo, wangu ni wakubwa. Nikapiga hesabu. Yakobo alikaa kwa mjomba wake Labani miaka 20, na alitumika miaka 7 kabla ya kuoa, kwa hiyo Reubeni, mzaliwa wake wa kwanza, siku hiyo aliweza kuwa na miaka kama 12. Yaani katika msafara ule walikuwemo wanaoanza kubalehe, na baba yao aliwahesabu pamoja na wanaonyonya.

Wapo wanaosema Yakobo alikuwa anamkwepa tu ndugu yake, na ni kweli Seiri, kwa Esau, hakwenda, alienda Sukothi. Sibishi. Yakobo ni Yakobo. Lakini ona hali aliyokuwa nayo wakati anasema maneno hayo: usiku uliotangulia alikuwa ameshindana mweleka na mtu hadi alfajiri, ameguswa uvungu wa paja, anachechemea. Nadhani mtu mzima mwenye miguu imara hawezi kabisa kuongea vile. Mimi sijaguswa paja. Mimi nimeguswa na sweta lililofungwa kiunoni.

Sasa akina baba, niruhusuni niseme nanyi, na ninaanza na nyumba yangu. Esau siku ile hakuwa adui. Alikuwa amesamehe kwa moyo, na msaada aliotoa ulikuwa wa kweli. Shida ni kwamba alikuja na wanaume 400, na mwendo wa wanaume 400 unaua kundi hata kama anayeongoza anakupenda. Ndivyo tulivyo wengi wetu. Tunawapenda hawa vijana, tunalipa, tunaomba, tunafunga kwa ajili yao, halafu tunawaswaga. Tunataka aongoke kwa tarehe yetu. Tunataka asali kwa sauti yetu, aamke kwa saa yetu, atubu mbele za wageni ili tuonekane tumelea. Akichelewa hatua mbili tunasema amepoa, amerudi nyuma, kuna roho inamfuatilia.

Madaktari wanasema kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na kwamba katika kubalehe saa ya mwili inasogea mbele, hata usingizi wenyewe unachelewa kuja. Kwangu mimi hilo liliitwa pepo la uvivu, na nililikemea saa kumi alfajiri kwa kuwasha taa. Kijana akiinamia simu garini akaanza kuona kichefuchefu, nikasema ni kisirani, kumbe ni macho yanasema tumetulia na sikio la ndani linasema tunatikisika. Na ule utaratibu wa kupumzika robo saa kila baada ya saa mbili, ambao ni kwa usalama wa dereva kabla ya mtu yeyote, nilikuwa nauvunja huku nikifundisha utii.

"Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu." Paulo hakuwaandikia wapagani. Aliandikia kanisa, watu wa ibada kama mimi na wewe. Ukiwa na deni hilo leo, usisubiri madhabahu. Nenda chumbani kwake ukabishe hodi. Mimi nilimwomba binti msamaha asubuhi, kwenye ngazi za nyumba tuliyolala, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanikatiza: "Sawa, Baba, yameisha, usiongee kwa sauti." Basi nikanyamaza. Hata kuomba msamaha nilikuwa nataka kwa mwendo wangu.

Nilitaka pia kugusa Luka 2, nitapita haraka. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa kutwa wakidhani Yesu, kijana wa miaka 12, yumo katika msafara, ikawachukua siku tatu kumwona. Siku ya tatu ya safari yetu mama alihamia nyuma alale na binti, kijana akaja mbele. Karatasi nilishaibandua. Tulikwenda karibu saa nzima bila neno, na kwa mara ya kwanza sikujaza ukimya kwa mafundisho. Kisha akasema, akitazama barabara, kwamba kwaya aliacha kwa sababu sauti yake ilikuwa inavunjika, siku moja ikamkatikia katikati ya ubeti, wenzake wakacheka. Ni hivyo tu. Miezi minane nimekuwa nikimwombea mtoto aliyepoa kiroho, na mara mbili nimemtaja kwenye maombi ya pamoja. Alikuwa anakaa nyuma ya kiti changu, nami nilishampoteza zamani.

Sikumjibu la maana. Nilimwambia yangu nayo ilivunjika, na kwamba mimi niliacha kuimba moja kwa moja. Akacheka. Akaniuliza kama tunaweza kusimama apige picha mlima ulioonekana upande wa kushoto. Tulisimama.

Kuhusu Kumbukumbu la Torati 6, uketipo na utembeapo njiani, tutazungumza wiki nyingine. Hesabu 33 nayo isubiri.

Tuombeeni, keshokutwa tunaanza kurudi. Orodha ameandika binti, kwa kalamu, nyuma ya ile karatasi yangu: vituo vitatu badala ya vitano, kuondoka saa mbili asubuhi, na pembeni ya kituo cha pili ameweka alama ya kuuliza. Nimemuuliza ni ya nini. Amesema tutaona tukifika.