Ukuta wa nevi bluu

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni. Sijawasha taa. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, naukodolea macho ukuta kama nausubiri ujibu kitu. Ni mwezi wa nane tangu nipake sebule nevi bluu, ile bluu iliyokoza, na leo ndiyo kwanza naweza kutamka bila kumung'unya maneno kwamba sijuti.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Niliiogopa ile rangi, na anayeiogopa hupaka ukuta mmoja. Nikachagua ule wa nyuma ya runinga, tatu nikaziacha nyeupe kama zilivyokuwa. Dada yangu alipokuja alisimama mlangoni, hata viatu hajavua, akaniuliza, "Wewe, mbona umetoboa ukuta?"

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Lilikuwa shimo. Nyeupe ya pembeni iliufanya ule ukuta uwe karibu mweusi, nao ukaifanya nyeupe iwe kali mpaka macho yakachoka. Baadaye nikasoma habari za mkemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins kule Paris. Watu walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei. Akazichunguza, akakuta nyuzi hazina kosa lolote. Zilikuwa zinaharibiwa na rangi zilizofumwa kando yake. Akaendelea kulichimba jambo hilo mpaka mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima. Mimi lilinitosha neno moja la dada.

Basi nikaamua: ama niifute, ama nimalize. Nikamaliza. Kuta zote nne, na mbao za chini ya ukuta, na fremu ya mlango, vyote rangi ile ile. Kilichotokea sikukitarajia. Shimo likatoweka. Pembe za chumba, zilizokuwa zinaonekana wazi kila upande, zikayeyuka, na nikawa sijui vizuri ukuta unaishia wapi. Watu husema rangi iliyokoza hubana chumba. Chumba changu kilibanwa na ule ukuta mmoja. Zilipokuwa nne kikatulia.

Kazi yenyewe sitaisimulia sana maana bado bega linakumbuka. Niseme tu hivi: usiipake moja kwa moja juu ya nyeupe. Rangi za aina hii huchanganywa kwa kutia vikolezo vingi kwenye rangi ya msingi isiyo na nyeupe ya kutosha, na ile nyeupe ndiyo hasa inayoziba kilicho chini. Kwa hiyo mara ya kwanza ukuta hutoka madoadoa, kila mburuzo wa rola unauhesabu. Ule ukuta wa runinga niliupaka mara nne. Tatu zilizobaki nilianza na praima ya kijivu, rangi ya kutangulia, na mara mbili zikatosha. Laiti ningeambiwa mapema.

Tena nilichukua isiyong'aa kabisa, kwa sababu kwenye picha ndiyo iliyopendeza, laini kama kitambaa. Picha hazina watu wanaopita wakiburuza bega. Karibu na swichi ya taa, mahali mkono unapopapasa usiku, pana alama ya kung'aa ukubwa wa kiganja. Niliifuta kwa kitambaa chenye maji, ikawa kubwa zaidi. Nikaipaka tena kwa brashi, sasa ni kiraka ambacho ukisimama dirishani unakiona, ukisimama mlangoni hukioni. Nimejifunza kusimama mlangoni. Ningerudia leo, ningechukua yenye mng'ao kidogo, ile inayofutika.

Hofu yangu nyingine ilikuwa sare. Rangi hii jina lake lenyewe limetoka huko, nevi ni jeshi la majini: mwaka 1748 maofisa wa jeshi la majini la Uingereza walipewa sare ya bluu iliyokoza, na toka hapo haijaacha kuvaliwa na watu wanaopokea amri. Na kweli, wiki ya kwanza nilitandaza kochini foronya nyeupe zenye mistari nikajiona niko ndani ya meli. Nikaziondoa. Kilichoikomboa sebule ni vitu vya kahawia: meza ya mbao iliyochubuka, kiti cha ngozi kilichopauka mikononi, kikapu cha ukindu. Hii rangi inapenda vitu vilivyotumika. Nyeupe nimebakiza darini tu, na hata hiyo si nyeupe pe, ni krimu.

Taa nazo zilinisumbua. Nilikuwa na balbu zilizoandikwa 4000K, mwanga mweupe, na kuta zikawa bluu kweli ila ya baridi, kama chumba cha kusubiria zamu yako. Nikaweka za 2700K, zile za njano, chumba kikapata joto lakini ukuta ukapoteza bluu ukaelekea weusi. Ndivyo ilivyo: mwanga wa njano una bluu kidogo tu, ukuta utairudisha kutoka wapi? Nyuma ya kopo palikuwa na namba inayoonyesha ni mwanga kiasi gani rangi hurudisha. Nyeusi tupu ni 0 na nyeupe kamili ni 100. Yangu ilikuwa 5. Kwa hiyo niliacha kutegemea taa moja ya darini, nikasambaza tatu ndogo za 3000K, kila moja ikiangaza kipande chake.

Lakini saa hii ndiyo yake, kabla ya taa yoyote. Juu ya kochi nina mto wa rangi ya damu ya mzee. Mchana ndicho kitu kinachoita macho kuliko vyote humu ndani. Sasa hivi, dakika kumi tu tangu nianze kuandika, umezimika, umekuwa kama jiwe jeusi, na ukuta nyuma yake bado una bluu. Giza likianza kuingia jicho hukabidhi kazi kwa chembe zake za usiku, na chembe hizo haziioni vizuri nyekundu, bluu zinaiona. Mwanasayansi wa Bohemia, leo Jamhuri ya Cheki, Jan Purkyně, alilieleza jambo hili mapema karne ya 19. Mimi naliona kila jioni nikikubali kuacha swichi.

Simu imelia nikiwa hapa hapa. Dada. Anauliza kama ile rangi ilibaki.

"Ya nini?"

"Chumbani kwangu. Ukuta mmoja tu."

Nusu kopo lipo stoo. Bado sijamjibu.